Siku Tuliyoifungua Nyumba Bolti

Nyumba yetu ya kwanza ililetwa na malori mawili, kila lori limebeba nusu. Ukiniambia natia chumvi, basi hukuishi Lagangabilili wakati wilaya ikiwa changa, ofisi zimekwisha kujengwa, watumishi tumekwisha kupangiwa vituo, ila hakuna aliyekumbuka kwamba mtumishi naye jioni hurudi mahali. Kulikuwa na mkandarasi wa barabara aliyemaliza kazi yake na kuacha kambi ya nyumba nyeupe za paneli: bati nje, bati ndani, katikati sponji ngumu. Zikaletwa nyuma ya ofisi, zikapangwa juu ya matofali, nusu zikaunganishwa kwa bolti, na sisi tukaambiwa tukae humo kwa muda. Wote waliotamka hayo maneno "kwa muda" walikuwa wanalala kwenye nyumba za tofali.

Wenyeji waliziita majokofu. Kwa sura walipatia, kwa hali ya hewa walikosea kabisa. Mchana wa Oktoba ungeweza kukaushia michembe juu ya meza ya sebuleni, viazi vikakauka vizuri kuliko juani. Ukuta haukubali msumari. Nilibandika saa kwa gundi ikadondoka, nikaibandika tena, ikadondokea bakuli la mchuzi wa mgeni, nikaacha kujua saa. Chini ya sakafu walilala mbuzi wa jirani, na kila mbuzi aliyejikuna mgongo kwenye chuma alitikisa vikombe kabatini. Ukipiga chafya chumbani, aliyeko jikoni anakupa pole bila kupaza sauti.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu afisa kilimo, mtu wa pamba. Ni mtu mpole, ila ana ugonjwa mmoja: akishika spana anajiona mhandisi. Ugonjwa huo ulimpata siku tulipohamia. Kitanda chetu cha mninga, zawadi ya wazazi wangu, hakikupita mlangoni. Kila mtu alikuwa na ushauri: kikatwe miguu, kiuzwe, kilaliwe nje. Mume wangu akazunguka nyumba mara kadhaa, akaazima spana kubwa kwa dereva wa trekta, akafungua paneli nzima ya ukuta, tukaingiza kitanda, akaurudisha ukuta. Watu wakampigia makofi. Tangu siku hiyo akitembea mle ndani alikuwa anagonga kuta kwa kidole na kusikiliza, kama daktari.

Kisha nikashika mimba, na mtoto akaja kabla ya siku zake.

Nitalisema hili bila mzaha. Alikuwa mdogo mno. Nilipomwona mara ya kwanza pale hospitali Bariadi, nilidhani wananionyesha mkono tu wa mtoto na mwingine unafuata. Tulikaa wodini mpaka akapata uzito wa kuruhusiwa, na muuguzi akanipa sharti moja la kurudi naye nyumbani: akae kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, asipate baridi hata kidogo. Nikichoka apokewe na kifua kingine chenye joto. "Hata cha baba," alisema, akamgeukia mume wangu. Mume wangu akatazama dirishani. Alikuwa anamwogopa mtoto yule kupita kiasi. Kila nilipomwomba amshike alikumbuka kitu ofisini.

Nikampigia simu mama yangu, kule Nkoma. Ilikuwa msimu wa kupalilia pamba, lakini aliacha jembe shambani likiwa limesimama, akaja na kuku wawili, unga wa uwele, na furushi la kanga zilizochakaa, maana kanga mpya, alisema, zinamkwaruza mtoto. Alinawa, akavua blauzi, akamchukua mjukuu wake kifuani, akajifunga. Mimi nililala usingizi ule wa mtu aliyeanguka. Nilipoamka, mtoto alikuwa mwekundu, ana joto, na mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, anatazama dari.

"Mkwe wangu analala wapi?"

Nikamwonyesha chumba cha pili, upande wa pili wa sebule.

"Na mimi?"

"Chumbani na mimi, mama."

"Yaya," alisema, na huko kwetu hilo ndilo hapana lisilo na mjadala.

Nilikuwa nimesahau, au tuseme nilikuwa nimetumaini yeye amesahau. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja wao atakumbuka ghafla kwamba alikuwa anataka kupita porini. Kijijini hakuna shida: mji una nyumba nyingi, kila mtu na mlango wake. Lakini waliochora jokofu lile hawakuwa na mama mkwe.

Mume wangu, kwa heshima, akahamia ofisini. Alilala juu ya magunia ya mbegu. Ilikwenda vizuri hadi asubuhi mkuu wake alipomkuta amefunga taulo kiunoni, anapiga mswaki kwenye bomba la bustani. Kufikia saa nne wilaya nzima ilikuwa na habari kwamba afisa kilimo amefukuzwa na mkewe. Kufikia jioni habari ilikuwa imekua: aliyemfukuza ni mama mkwe. Mama aliisikia kisimani. Alirudi na ndoo tupu.

"Siwezi kumtoa mwenye kaya kwenye kaya yake," aliniambia. "Kesho kutwa narudi Nkoma."

Nililia. Sikulia kwa deko. Nililia kwa sababu nilikuwa najua hesabu ya mwili wangu: usiku mmoja peke yangu ningeweza, wa pili pengine, wa tatu ningesinzia, mtoto angeteleza kutoka kifuani, na kumtoa mtoto yule kwenye joto ilikuwa ni kumrudisha alikotoka. Mama alijua pia. Alikuwa anajua na bado anaondoka, na nilimkasirikia mpaka nikaogopa hasira yangu.

Sasa, watu wawili wasiozungumza walizungumzaje? Walimtumia mtoto. Jioni mume wangu alikuja akasimama nje kwenye kona ya nyumba, mama akiwa jikoni, mimi kitandani na mtoto kifuani, dirisha wazi.

"Mjukuu wangu," mama alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "mwambie baba yako arudi kwenye kitanda chake. Mimi naondoka."

"Mwanangu," sauti ilijibu kutoka nje, "mwambie bibi yako asiondoke. Nimepata dawa."

"Muulize ni dawa gani."

"Mwambie kwamba nyumba hii kusema kweli si moja. Ni mbili, zimeshikizwa tu."

Mtoto alikuwa amelala fofofo, hana habari kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kikao. Mama alitoka jikoni, akatazama dari tena. Kweli, katikati ya sebule, kutoka mwanzo hadi mwisho, palikuwa na mstari mweusi wa mpira uliopita juu, ukashuka ukutani, ukakatiza sakafu. Aliufuata kwa kidole. Nilimwona mtu mwenye msimamo akitafuta njia ya kubaki.

"Muulize baba yako," alisema polepole, "zikiachana, kila moja inabaki na paa lake?"

"Mwambie kila moja na paa lake, sakafu yake na mlango wake."

"Basi mwambie aziachanishe."

Naomba ieleweke kwamba hapakuwa na mjinga pale. Mama yangu amejenga nyumba tatu. Mume wangu ana diploma. Mimi ni mwalimu. Sote watatu tulilitazama jambo lile na tukaona ni zuri.

Asubuhi yake mume wangu alikuja na kila kitu. Spana ya trekta, magogo ya kuvingirisha yaliyochongwa vizuri, na jirani yetu mfugaji, mwenye wale mbuzi, na ng'ombe wake wa kulimia, jozi mbili. Nusu itakayosogea ilikuwa ya chumba cha mume wangu, kwa kuwa haikuwa na mgonjwa ndani. Mume wangu alikuwa amefikiria kila kitu, na alihakikisha sote tunajua hivyo. Waya wa umeme aliutenganisha. Bomba la maji akalifunga. Kuku walioatamia chini ya sakafu aliwahamisha mmoja mmoja pamoja na mayai yao. Hata mbuzi walipewa taarifa.

Alivua shati kwa sababu ya joto, akabaki na singlendi yenye tundu tumboni. Bolti ya mwisho ilipotoka alipanda ndani ya ile nusu yake, akaikumbatia runinga isije ikaanguka, akapaza sauti: "Haya, vuta!"

Mimi nilikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi, naona sebule yote. Mama alikuwa kwenye kochi dogo la upande wetu na birika mkononi, akisubiri kwa adabu, ametazama sakafu. Ng'ombe wakavuta. Mpira ukalia. Mstari mweusi ukawa mweupe, kisha ukawa mwanga, kisha ukawa uwanja wenye nyasi na kuku. Niliiona nusu ya sebule yangu ikiondoka. Iliondoka na kochi kubwa, kabati, zulia nusu, na mume wangu amesimama wima, amekumbatia runinga.

Nadhani wewe umekwisha kuliona. Sisi hatukuliona hadi tulipolitazama. Tulikuwa tunaisifia sebule yetu kwa upana, wala haikutujia kwamba upana ule ulikuwa ni ukuta ambao haupo. Kila nusu ilikuwa na kuta tatu. Upande wa nne ulikuwa umefunikwa na nusu nyingine, na nusu nyingine tulikuwa tumeifunga ng'ombe.

Kwa hiyo pale, katikati ya mchana, mbele ya majirani waliokuja kushangaa, mama yangu na mkwe wake, ambao tangu harusi hawakuwa wametazamana usoni, walikuwa wamekaa ndani ya makabati mawili yaliyofunguliwa, wanatazamana. Mama ana birika. Mkwe ana singlendi yenye tundu. Angeweza kujifunika uso kama mikono isingekuwa na runinga. Angeweza kuiweka chini kama angekumbuka kwamba ana miguu. Alisimama tu, macho yamemtoka, na nyumba inazidi kwenda, kwa sababu jirani naye alikuwa anacheka na amesahau kuwasimamisha ng'ombe.

Mama alijitupia kanga kichwani, yote, kichwa hadi kiuno, akageukia ukuta. Chai ilimwagika. Mume wangu hatimaye akachutama nyuma ya kochi kubwa, na runinga yake.

Majirani walivunjika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nyonga zikauma, na nilipokuwa nacheka nilisikia kutoka ndani ya kanga: "Naondoka leo. Si kesho. Leo." Kicheko kikanikauka.

Jirani alisema turubai zipo kwake, na magunia ya pamba yapo, kabla ya jioni kila nusu itakuwa na ukuta wake. Alikuwa anaongea na kanga. Ilikuwa inafunga mzigo.

Ndipo mvua ikaja. Kwetu mvua haipigi hodi. Upepo ulitangulia na vumbi lake, ng'ombe wakafunguliwa haraka wakapelekwa zizini, majirani wakatawanyika, na kabla turubai hata moja haijafika maji yalikuwa yanakuja yamelala. Yalikuja kutoka mgongoni kwa nusu ya mume wangu. Ukuta wake wa nyuma ulimkinga, kule ndani kukawa kukavu kabisa. Sisi tulikuwa tumefungua mdomo kuelekea upepo. Mvua iliingia sebuleni, ikaingia chumbani, ikapanda kitandani. Nilimfunika mtoto kwa mwili wangu na maji yakapita shingoni, yakashuka kifuani, pale pale alipokuwa amelala.

Mama aliutupa mzigo, akanyakua kanga moja kavu kutoka katikati ya furushi, akamtoa mtoto kifuani pangu, akamviringisha, akamweka ndani ya beseni kubwa la plastiki na kulifunika kwa sinia.

"Shuka!" aliniambia.

Tukashuka kwenye matope. Mwanamke aliyejifungua juzi, na mwanamke aliyebeba mjukuu wake kwenye beseni kama anakwenda kuuza samaki, tunakimbia kutoka sebuleni kwetu kwenda sebuleni kwetu. Mimi nikapanda. Mama akafika kwenye ukingo wa sakafu ile, akasimama.

Alisimama kwenye mvua, beseni ameliingiza ndani, mwili wake nje. Nililipokea beseni, nikafungua sinia. Mtoto alikuwa mkavu, lakini miguu yake niliposhika ilikuwa ya baridi, na hakuwa analia. Nilikuwa natetemeka kiasi cha meno kugongana. Nilifungua kifua, kilikuwa baridi kama mtungi.

"Mama," nilisema. "Sina joto."

Alijishika kifua chake mwenyewe chini ya blauzi iliyolowa. Nilimwona anajipima. Hakuwa nalo pia. Kisha akatazama, si usoni, akatazama juu ya kochi, mahali palipokuwa panaonekana utosi wa mume wangu. Mume wangu ni mtu wa joto. Anatoka jasho hata akisoma. Alikuwa mkavu.

Mama akapanda ndani.

"Mjukuu wangu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mzaha wa dirishani, "mwambie baba yako asimame, avue alichovaa, afumbe macho."

Mume wangu alisimama. Alivua singlendi. Alifumba macho kwa nguvu zote, uso ukakunjamana kama wa mtu anayenusa vitunguu. Alinyoosha mikono mbele, akasema kwa sauti ndogo, "Nitamwangusha."

"Mwambie haangushi mtu," mama alisema.

Akamchukua mtoto, akageuza uso wake ukutani, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwa mkwe wake. Kwa hiyo mmoja alikuwa haoni kwa kufumba na mwingine haoni kwa kugeuka, na kati yao palikuwa na mtoto wa ukubwa wa mkate. Ikabidi mimi niwe macho yao. Niliwaongoza kama anavyoongozwa dereva wa lori anayerudi nyuma sokoni. "Nyuma kidogo, mama. Kushoto. Baba, shusha mikono. Mama, simama hapo hapo. Juu, juu, hapo ni tumbo." Mama alipeleka mtoto kwa mkono wa nyuma ya mgongo, akapapasa, akafika kifuani, akamlaza. Kisha akazungusha kanga, nyuma ya mgongo wa mkwe, chini ya kwapa, akapita mbele tena, uso wake wakati wote uko ukutani, anafunga fundo kwa vidole tu. Mkono wake uligusa bega la mkwe. Wote wawili walishtuka kama waliopigwa na umeme. Fundo halikulegea.

Tukangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba huwezi kusikia mtoto akipumua, kwa hiyo nilikuwa natazama tu kanga. Mume wangu hakusogea. Alikuwa amesimama amefumba macho, mikono yake miwili imeukumbatia mzigo ule ambao tangu hospitali alikuwa anaukimbia, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho yaliyofungwa. Kisha mtoto akalia. Kilikuwa kilio kidogo, cha hasira, cha mtu aliyebughudhiwa. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Anasukuma kwa miguu," mume wangu alisema. "Anasukuma. Miguu ina joto."

Hakuzungumza na mtoto. Alisema moja kwa moja, kwa mtu yeyote aliyekuwepo. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kipande cha zulia, mgongo kwetu, uso ukutani, anakamua maji kwenye nguo zake. Alikuwa chini ya paa la mkwe wake na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mvua ilikuwa haijaonyesha nia ya kukoma, na kule ng'ambo jikoni kwetu sufuria zilikuwa zinaelea. Nilikuwa nasubiri atamke kwamba ikikatika tu anakwenda stendi.

"Ng'wanone," aliniita, yaani mwanangu, bila kugeuka. "Huyo mwenye mtoto hapo, anakunywa uji wa uwele, au amezoea wa mahindi?"